Kutawanya mwanga kuwa rangi za upinde wa mvua nyumbani: mwongozo kamili wa prizimu

Wengi wanaonunua prizimu, yaani kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu, huiweka dirishani, wakaona doa dogo la rangi pembezoni mwa dari, wakapiga picha, na baada ya hapo kioo kinaishia kabatini. Kioo hakina kosa. Sehemu kubwa ya jaribio hili haifanyiki ndani ya prizimu bali kabla yake: kwenye tundu, kwenye giza na kwenye umbali wa ukuta. Prizimu ya plastiki ya bei nafuu iliyopewa mwale mwembamba katika chumba chenye giza inaipita prizimu ya kioo safi iliyoachwa ipigwe na jua la dirisha zima. Ndiyo maana hapa chini nimeuzungumzia mwanga kwa kirefu kuliko kioo.

Kwa nini rangi zinaachana

Mwanga mweupe wa jua ni mchanganyiko wa rangi. Unapotoka hewani na kuingia kwenye kioo kwa mshazari, hupunguza mwendo na kupinda, na kila rangi hupungua kwa kiasi chake. Urujuani hupungua zaidi, kwa hiyo hupinda zaidi; nyekundu ndiyo inayopinda kidogo kuliko zote. Kwenye kioo bapa cha dirisha, uso wa pili huupinda mwanga kinyume kwa kiasi kilekile, rangi zikatoka sambamba, nawe huoni kitu. Prizimu ina nyuso zisizo sambamba. Uso wa pili unaongeza mpindo badala ya kuufuta.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno. Prizimu ya kioo cha kawaida yenye kona ya nyuzi 60 huupinda mwanga wote kwa karibu nyuzi 39, lakini kati ya nyekundu na urujuani mna tofauti ya kama nyuzi 1.5 tu. Ukutani, umbali wa mita 1, hiyo ni sentimita 2.6; umbali wa mita 2 ni kama sentimita 5. Sasa, uso wa prizimu nyingi una upana wa kama sentimita 3. Ukiacha jua liujaze uso wote na ukuta uko mita 1, kila kipande cha mwale kinatoa ukanda wake wa rangi, kanda zinalaliana, na katikati rangi zote zinachanganyika tena kuwa nyeupe. Kinachobaki ni ukingo mwekundu na manjano upande mmoja, na ukingo wa buluu upande wa pili. Ukiona hivyo, prizimu yako imefanya kazi vizuri kabisa. Mwale ndio mnene.

Kwa hiyo mambo ni mawili: punguza unene wa mwale, ongeza umbali wa ukuta.

Kupata prizimu, au kuitengeneza

Inayofaa zaidi ni ya pembetatu sawa, kona zote nyuzi 60. Maduka yanayouzia shule vifaa vya maabara huwa nayo, na mtandaoni zipo tele. Unapoishika dukani chunguza nyuso zake: mbili lazima ziwe laini na zisiwe na mikwaruzo. Uso wa tatu mara nyingi huachwa na ukungu, na huo ndio utakaoushikia. Kingo zilizomeguka kidogo hazina neno, mradi mmeguko haujaingia katikati ya uso. Prizimu ya akriliki hutawanya rangi karibu sawa na kioo cha kawaida, ila inakwaruzika upesi, na uso wenye mikwaruzo humwaga mwanga mweupe hovyo juu ya rangi zako. Zipo pia za kioo kizito cha flinti, ambazo hutawanya zaidi ya mara mbili. Ukiipata hiyo, usiiachie.

Darubini mbovu ya macho mawili nayo ina prizimu ndani, lakini hizo zina kona moja ya nyuzi 90 na mbili za nyuzi 45. Usijaribu kupitisha mwanga kwenye nyuso mbili zinazokutana kwenye kona ya 90: ukishaingia hauna njia ya kutokea uso wa pili, unaakisiwa humohumo. Tumia kona ya 45, yaani mwanga uingilie uso mpana na kutokea mmoja wa zile fupi. Vipande vya taa za urembo za darini, na vioo vya kujitazamia vyenye kingo zilizochongwa mshazari, vinatoa rangi pia, ila huwezi kuvitawala.

Kama unataka kutengeneza mwenyewe, nenda kwa fundi vioo. Mwombe akukatie vipande vitatu vya kioo cha milimita 3 au 4, kila kimoja urefu sentimita 15 na upana sentimita 6, na kimoja cha mraba cha kuwa sakafu, kisha akusugulie kingo zisikukate. Visimamishe vile vitatu kuwa pembetatu, vishike kwa selotepu kwa nje, halafu pitisha silikoni ya matangi ya samaki kwenye viungo vyote na kwenye sakafu. Acha saa 24 kabla ya kutia maji. Hapo ndipo watu wanapokosa subira, na meza inaloa. Tia maji yaliyochemshwa na kupoa. Yana hewa kidogo, kwa hiyo viputo havitagandamana kwenye kioo. Prizimu hii ya maji huupinda mwanga kwa karibu nyuzi 24 na kuutawanya kwa chini kidogo ya nyuzi 1, hivyo ipe umbali mkubwa zaidi. Ukuta ulio mita 3 utakupa ukanda wa kama sentimita 5.

Mwale: hapa ndipo kazi ilipo

Tuanze na dirisha. Chagua linalotazama mashariki kwa ajili ya asubuhi, au magharibi kwa ajili ya jioni. Sisi tulio karibu na ikweta jua letu la mchana liko utosini, haliingii dirishani kabisa. Muda mzuri ni kati ya saa moja na nusu na saa tatu na nusu asubuhi, au kuanzia saa tisa na nusu alasiri. Vioo vya madirisha ya aluminiamu ya kuteleza vingi vina rangi ya giza, kwa hiyo vifungue kabisa. Ondoa na wavu wa mbu. Unaonekana si kitu, lakini nyuzi zake hukata sehemu ya mwanga na kuutupa pembeni, mwale ukaingia na ukungu. Nondo za grili hazina shida, unachagua tu nafasi iliyo kati yake.

Ziba dirisha lote kwa boksi gumu, na penye mianya pembeni tia nguo. Chumba kikiwa giza kiasi kwamba huwezi kusoma gazeti, inatosha. Kwenye boksi kata nafasi ya sentimita 5 kwa 5 pale jua linapopiga, kisha ibandikie vipande viwili vya foili vinavyotazamana, vikiachana milimita 2, ili upate mwanya wa urefu wa kama sentimita 3. Usitegemee mkato wa boksi lenyewe. Boksi ni nene na ukingo wake una nyuzinyuzi, wakati foili au makali ya nyembe mbili hutoa mwanya ulionyooka.

Kama una banda, stoo au jiko la nje lililoezekwa bati bila dari, huenda mwale umeshapewa bure. Tundu la msumari uliong'oka ni kifaa kizuri kuliko boksi lote nililolieleza, na linafanya kazi hata saa sita mchana. Tazama doa lake sakafuni: ni la mviringo, ijapokuwa tundu lenyewe limechanika pembe tatu. Doa hilo ni picha ya jua. Bati likiwa mita 3 juu, doa lina upana wa kama sentimita 3. Fukiza udi kidogo na utauona mwale mzima ukishuka, moshi ukipita ndani yake, na utajua hasa pa kuweka prizimu. Kwa kuwa mwale huu unatoka juu, weka kioo kidogo cha kujitazamia juu ya kigoda kiupeleke ulalo kuelekea ukuta wa mbali, na prizimu uiweke njiani.

Isaac Newton alitumia tundu kama hilo, ila yeye alilitoboa kwenye ubao wa dirisha. Katika barua iliyochapishwa mwaka 1672 alieleza jaribio alilolianza 1666: prizimu karibu na tundu, ukuta umbali wa futi 22, yaani kama mita 6.7. Rangi hazikuwa ngeni kwa watu wa wakati wake, prizimu zilikuwa zikijulikana. Kilichomshangaza ni umbo. Tundu lilikuwa la mviringo, jua ni la mviringo, lakini doa la ukutani lilikuwa na urefu wa kama sentimita 34 na upana wa kama sentimita 7, mara tano. Kwa nini lirefuke? Kama kioo kingekuwa kinaupaka mwanga rangi tu, doa lingebaki duara. Pima lako kwa rula. Kwa prizimu ya kioo cha kawaida iliyo jirani na tundu, ukuta ukiwa mbali, utapata urefu wa karibu mara nne ya upana.

Lile duara la jua ndilo linalokuzuia kupata rangi safi. Jua lina upana wa nusu nyuzi angani, kwa hiyo hata tundu liwe dogo vipi, miale yake inatanuka kwa nusu nyuzi, na hiyo ni theluthi nzima ya ukanda wako. Dawa yake ni mwanya wa pili. Badala ya kuiweka prizimu dirishani, isogeze mita 2 au 3 ndani ya chumba, na mbele yake simamisha kadi yenye mwanya wa milimita 2 ulio sambamba na ule wa kwanza. Sasa ni miale iliyonyooka tu inayopita yote miwili. Rangi zitafifia, kwa hiyo giza liwe la kweli, lakini kijani kitakuwa kijani na manjano itajitenga.

Usiku, au wakati wa masika jua likigoma, tumia tochi. Ya simu inafaa kuliko inavyodhaniwa: taa yake ni kitone, na kitone kilicho mita 1 nyuma ya mwanya wa milimita 2 kinatoa mwale ulionyooka kuliko wa jua. Upungufu wake ni nguvu. Tochi kubwa ina mwanga mwingi zaidi lakini imeutandaza, kwa hiyo nayo ipitishie mwanya.

Kuipanga

1. Acha mwale uende moja kwa moja hadi ukutani bila prizimu, na uweke alama ya penseli unapopiga.

2. Weka prizimu juu ya vitabu kwenye njia ya mwale, kingo zake ndefu zikiwa sambamba na mwanya. Mwanya umesimama wima, prizimu isimame wima; mwanya umelala, prizimu ilale. Ukikosea hapa kila kitu kinavurugika, kwani rangi zitatawanyika kufuata urefu wa mwanya na kulaliana.

3. Usitafute rangi pale kwenye alama. Mwanga hupinda kuelekea kitako cha prizimu, yaani upande wa unene, kwa nyuzi zile 39. Ukuta ukiwa mita 2, hiyo ni zaidi ya mita 1.5 pembeni mwa alama. Wengi hutazama mbele huku upinde wao uko kwenye pazia la upande.

4. Zungusha prizimu polepole juu ya mhimili wake mrefu. Utaona pia doa jeupe linalokimbia kwa kasi ukutani. Hilo ni mwanga ulioakisiwa na uso wa nje, liache lipite.

5. Ukishaupata ukanda wa rangi, endelea kuzungusha taratibu sana na usiondoe macho. Ukanda utasogea kuelekea kwenye alama yako, utapunguza mwendo, utasimama, halafu utaanza kurudi ulikotoka ingawa mkono wako bado unazungusha upande uleule. Rudi pale uliposimama. Hapo mwanga unapita ndani ya kioo sambamba na kitako, mpindo ni mdogo kuliko wote, na rangi ndipo zinapokuwa safi. Kagua: pembe ambayo mwale unaingilia na ile unayotokea zinalingana.

6. Gandisha prizimu hapo kwa plastisini au udongo wa mfinyanzi, na ubandike karatasi nyeupe isiyong'aa pale rangi zinapoangukia.

Utagundua kwamba baada ya muda ukanda umehama. Hakuna aliyegusa kitu. Jua linasogea nyuzi 1 kila dakika 4, na ukutani mita 2 hiyo ni sentimita 3.5. Panga mapema, kisha ufanye kazi haraka.

Bila prizimu: beseni na kioo cha kujitazamia

Maji yaliyo kati ya uso wake na kioo kilichoinamishwa ndani yake ni prizimu tosha. Jaza beseni maji yenye kina cha kama sentimita 10 na uliweke jua linapoingia. Zamisha kioo kidogo, ukiegemeze kwenye ukuta wa beseni kikilitazama jua, kikiwa kimeinuka kama nyuzi 35 kutoka sakafu ya beseni. Rangi zitatokea darini, au kwenye ukuta ulio juu ya dirisha. Kwa jua la saa mbili au saa tatu asubuhi, kila unapokiinua kioo ndivyo rangi zinavyotanuka, hadi kikikaribia nyuzi 45 zinapotea ghafla, kwa sababu mwanga hauwezi tena kutoka majini. Kaa chini kidogo ya hapo.

Maelekezo mengi ya jaribio hili yanaishia hapo, ndiyo maana watu wanapata doa jeupe lenye kingo za rangi. Kioo cha upana wa sentimita 10 ni mwale wa sentimita 10. Kizibe kwa selotepu nyeusi na uache ufito wa sentimita 1 uliolala, sambamba na uso wa maji. Tofauti utaiona mara moja. Halafu toa mikono majini na usubiri maji yatulie. Mtu akipita sakafu ikatikisika, dari nzima inacheza, na kwa watoto hiyo ndiyo sehemu nzuri kuliko zote.

Rangi zikishatoka

Zihesabu. Vitabu vinasema saba: nyekundu, machungwa, manjano, kijani, buluu, nili, urujuani. Mtoto akikwambia haioni nili, usimlazimishe. Newton mwenyewe mwanzoni alitaja rangi kuu tano, akaongeza machungwa na nili baadaye ili zifikie saba kama noti za muziki. Ukutani hakuna mipaka, rangi moja inayeyukia nyingine.

Ukiwa na prizimu mbili, fanya jaribio ambalo Newton alilitegemea kuliko yote. Toboa kadi mwanya mwembamba, iweke kwenye ukanda wa rangi iruhusu kijani peke yake kipite, na nyuma yake weka prizimu ya pili. Kijani kitapinda, lakini kitabaki kijani. Hakitawanyiki. Rudia kwa nyekundu, uone inavyopinda kwa kiasi kidogo kuliko kijani bila kubadilika rangi. Kama kioo ndicho kingekuwa kinatengeneza rangi, prizimu ya pili ingetengeneza nyingine.

Kuzirudisha kuwa nyeupe hakuhitaji prizimu ya pili. Shika lenzi ya kukuzia ikusanye ukanda wote, na usogeze karatasi nyuma yake hadi rangi zikutane. Kuna mahali zinakuwa doa jeupe, na ukisogeza karatasi mbele zaidi zinafunguka tena zikiwa zimegeuzwa. Njia ya haraka zaidi ni kuitikisa prizimu upesi upesi ili ukanda ucheze huku na huko kwa kufuata urefu wake: katikati patageuka peupe.

Sasa chukua kalamu ya njano ya kung'arishia maandishi na uchore mstari mrefu unaopita rangi zote. Kwenye nyekundu hautaona chochote cha ajabu. Ukifika kwenye buluu na urujuani, mstari unawaka kijani, na unaweza ukaendelea kuwaka kidogo mbele ya pale urujuani unapoishia kwa macho yako. Huo ni mwanga usioonekana, ambao Johann Wilhelm Ritter aliuthibitisha mwaka 1801 kwa kutumia kemikali ya fedha inayogeuka nyeusi. Mwaka mmoja kabla, William Herschel alikuwa ameweka vipimajoto kwenye rangi za prizimu, na kile kilichokuwa nje ya nyekundu, penye giza, ndicho kilichopanda zaidi. Hilo unaweza kulifanya ukipaka vitako vya vipimajoto vya pombe wino mweusi. Ukanda uwe mdogo na mkali, prizimu iwe karibu, na usubiri kama dakika 5. Tarajia nyuzi chache tu za tofauti.

Jambo ambalo mimi hulipenda kuliko hayo ni kulinganisha taa, na hili halihitaji jua wala ukuta. Weka kadi yenye mwanya mbele ya taa, simama mita 1 nyuma, shika prizimu karibu na jicho, mwanya na kingo zikiwa sambamba, kisha geuka pembeni hadi uone mwanya umekuwa rangi. Kibatari au mshumaa hutoa ukanda usiokatika, wenye nyekundu nyingi na buluu hafifu. Taa nyeupe ya LED ina buluu kali, kisha pengo la giza, kisha kijani hadi nyekundu. Taa ya tyubu au ya kubana matumizi ya umeme inashangaza zaidi: badala ya ukanda unaona mianya kadhaa iliyoachana, buluu, kijani, nyekundu-machungwa, kwa sababu gesi ya zebaki na unga uliopakwa ndani hutoa rangi maalumu tu. Nyunyiza chembe za chumvi kwenye mwali wa moto na utaona mstari wa manjano ukiruka, ni sodiamu hiyo. Joseph Fraunhofer alipoutazama mwanga wa jua kwa namna hii mwaka 1814, kwa kifaa kizuri zaidi, aliona mamia ya mistari myeusi ndani ya rangi.

Kwa taa hizo tu. Usitazame jua kupitia prizimu hata kwa sekunde, wala usimwachie mtoto prizimu na dirisha la jua bila kumwambia hilo kwanza.

Sidii nayo hutoa rangi, lakini kwa njia nyingine, kupitia mifereji yake midogo, na humo nyekundu ndiyo inayochepuka zaidi. Usiichanganye kwenye maelezo ukiwa unafundisha.

Uani, kwa mpira wa maji

Upinde wenyewe wa angani hutengenezwa na matone ya mviringo: mwanga unaingia, unaakisiwa nyuma ya tone, unatoka. Kamal al-Din al-Farisi, mwanazuoni wa Uajemi, alilichunguza hilo mwanzoni mwa karne ya 14 kwa tufe la kioo lililojaa maji badala ya tone. Nyekundu hukurudia kwa nyuzi 42 kutoka kivuli cha kichwa chako. Kwa hiyo lipe jua kisogo, bana mdomo wa mpira maji yatoke kama ukungu, na nyoosha mkono mbele. Shubiri moja kwa mkono ulionyooka ni kama nyuzi 20, hivyo tafuta upinde shubiri mbili kutoka kivuli cha kichwa, pande zote. Jua likishapita nyuzi 42 juu, upinde unaangukia chini ya upeo wa ardhi, na huku kwetu hilo hutokea katikati ya saa tatu na saa nne asubuhi. Baada ya hapo utauona tu ukinyunyizia chini, ukiwa umesimama kwenye baraza au ngazi. Kuanzia saa tisa alasiri hivi unarudi. Ndiyo sababu hatuoni upinde angani saa sita mchana hata mvua na jua vikikutana.

Ikikataa

Rangi zinaonekana lakini zimepauka: chumba kina mwanga. Zima, ziba, na uangalie hasa ukuta ulio nyuma ya karatasi kama haupigwi na mwangaza wa mlango.

Kingo za rangi na weupe katikati: mwanya ni mpana au ukuta uko karibu.

Ukanda una mistari myeusi inayofuata urefu wake: kuna vumbi kwenye mwanya. Pangusa foili.

Doa jeupe tu, hata uzungushe vipi: unatazama akisi, au umepitisha mwanga kwenye kona ya nyuzi 90.

Kwenye picha za simu rangi zinatoka tatu tu, nyekundu, kijani na buluu, zimeungua: gusa skrini kwenye ukanda, shikilia ili mwangaza ujifunge, kisha ushushe mpaka ukanda uonekane wa giza kidogo kuliko kwa macho. Simu inachukua rangi kwa vihisi vya rangi hizo tatu, kwa hiyo manjano na urujuani zitabaki hafifu.

Ukimaliza, osha prizimu kwa maji na tone la sabuni, ikaushe kwa kitambaa laini cha pamba, na uishike kwa uso wenye ukungu. Ifunge kwenye kitambaa hichohicho. Ya maji imwage, usiache ukoga uote kwenye viungo. Chupa ya mviringo au tufe lenye maji, ukilijaribia kama al-Farisi, usiliache dirishani, kwani linakusanya jua kama lenzi na linaweza kuunguza pazia.